Watoto Sita wa Marehemu

Pale Nyasho, Musoma, ninapoishi, mtu akifa mtaani kuna vitu vitatu vinavyofuatwa asubuhi ileile: maturubai, masufuria makubwa, na mimi. Maturubai yana mwenyewe, masufuria yanatunzwa na kikundi cha kina mama, na mimi nina kalamu. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mwandiko wangu wa ubaoni ukageuka mali ya mtaa. Kazi yangu ni kuandika wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa mbele ya jeneza: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini, ameacha nani. Ninaiandika kwa mkono, wanaipeleka stesheneri kutoa kopi, na mchana waombolezaji wanajipepea nayo makaburini.

Sikuzaliwa mwongo. Nilijifunza kazini, kama watu wengi. Msiba wa kwanza ulionifundisha ulikuwa wa mtu aliyejinyonga. Kaka yake alisimama nyuma ya kiti changu, akasubiri kalamu ifike kwenye sababu ya kifo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yao ana presha. Nikaandika "aliugua ghafla." Tangu hapo sikuhitaji kusimamiwa. Aliyemalizwa na gongo nilimwandikia ini. Mume aliyempiga mkewe mpaka wakazeeka wote wawili nilimwandika "mpenda amani," na aliyeniomba niandike hivyo ni mke huyohuyo. Watu walinishika mkono wakanishukuru. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniuliza kama niliyoandika ni kweli, nikafikia kuamini kwamba ukweli ni kitu cha kuimbia kanisani. Msibani watu wanataka karatasi ipite salama.

Halafu akaja mmoja kuuliza. Alikuwa dada yangu, mtoto wa baba yangu, na nilikuwa sijamwandika.

Nilimwona mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Nyumbani kwetu ni upande wa Butiama, hatua chache kutoka njia inayokwenda Mwitongo, na kijijini baba alijulikana kama karani wa mizani. Kabla hajaoa alifanya kazi Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akiandika kilo za wakulima, na hata aliporudi kulima jina lilimganda. Siku hiyo alinichukua twende Bunda kununua sare ya shule. Tulinunua sare, kisha badala ya kurudi tukapita nyuma ya soko mpaka kwenye nyumba moja yenye baraza la saruji. Mwanamke aliyejifunga ushungi akatukaribisha, na msichana aliyenizidi kidogo akaleta birika na beseni tunawe.

Alinimiminia maji huku akinitazama masikio. Ukoo wetu wote una masikio yaliyosimama; shuleni waliniita sungura, na niliwapiga wawili kwa ajili hiyo. Ya kwake yalikuwa ndani ya mtandio, ila moja lilichungulia. Baba akasema, "Huyu ni mwenzio." Tulikula wali, tukaaga, na njiani akaninunulia soda. Hakuniambia nisimwambie mama. Hakuwa na haja, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kike huwa anajua mapema mzigo gani wa kuutua uani na upi wa kuuficha chini ya kitanda.

Sikumwambia mama, na sikumuuliza baba. Ningeweza kumuuliza nikiwa chuo cha ualimu, au nilipoolewa, au siku zile nyingi tulizokaa wawili tukipukuchua mahindi bila maneno. Nilikuwa najua tayari, na kwa muda mrefu nilidhani kujua kunatosha. Tena niseme lililo la aibu zaidi: mimi ni kifungua mimba. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini, ndiye anayeulizwa kabla mbuzi hajachinjwa, na wadogo zangu wote watano walikua wakinipisha mlangoni. Msichana yule alikuwa amenizidi miaka miwili. Kumuuliza baba habari zake ilikuwa ni kumuuliza kama mimi ni mimi.

Baba alipoanza kuugua nilimleta kwangu Nyasho awe karibu na hospitali. Alikaa miezi miwili kwenye chumba cha mbele, dirisha wazi, akisikiliza wachuuzi wa samaki wakipita. Adhuhuri moja aliniita. "Mwalimu," alisema, maana tangu nilipopata cheti hakuniita kwa jina tena, "lete daftari. Kuna jambo nataka uandike."

Nilijua ni jambo gani. Naapa nilijua kabla hajamaliza. Nikamwambia anywe uji kwanza. Alikunywa uji, akalala, na mimi nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Baada ya wiki hivi akaniita tena, maneno yaleyale, daftari. Nikamwambia Jumamosi mama anakuja, tungoje na yeye awepo. Nilisema hivyo nikijua kwamba mama akiwepo hatasema. Alinitazama, akageuza uso ukutani. Mama alikuja Jumamosi na ndizi na maziwa ya mgando, wakaongea habari za mvua. Siku nne baadaye kiharusi kikamchukua mdomo, kisha kikachukua na vilivyobaki.

Kikao cha wasifu kilikaliwa sebuleni nyumbani, Butiama. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mwandishi na mfiwa kwa pamoja, na sikumwachia mtu kalamu. Tulipofika kwenye watoto, mkono wangu ulisimama. Baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, aliona.

"Andika watoto wa nyumba, binti yangu," alisema. "Ya Bunda ni mambo ya ujana. Tena kule ni Waislamu. Mchungaji akisoma lile jina pale, watu wataacha kulia waanze kuulizana."

Kumbe na yeye alijua. Nadhani pale ndani alikosekana asiyejua, na wote tulikuwa tumenyamaza kwa adabu, kila mtu akimhifadhi mwenzake. Nikachukua rula, nikapiga mistari kama nilivyozoea, nikaandika: Ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Chini yake nikaweka namba na majina. Namba moja ilikuwa mimi.

Dada yule wa Bunda alikuja mazikoni. Sijui nani alimpa habari. Niliona mtandio wa kijani katikati ya wanawake wa jirani, kisha nikaona uso, na sikuhitaji masikio, kwa sababu mtu mzima yule alikuwa na kidevu cha baba na namna ya baba ya kusimama uzito wote mguu mmoja. Wasifu ukasomwa. Msomaji akafika kwenye watoto, akataja majina sita, akaendelea kwenye shukrani kwa madaktari. Ndipo mshereheshaji akaita watoto wa marehemu wasogee kutupa udongo, kwa kufuatana. Nilipoinama niokote udongo wangu, nilimwona na yeye ameshainama kule alikokuwa, ngumi imefumbwa. Alikuwa ameokota mapema, kabla ya kusikia majina. Nikatupa. Wadogo zangu wakatupa. Yeye alibaki ameshika udongo wake mpaka walipoitwa majirani na marafiki, akaja nao, akatupa, akarudi nyuma. Wakati wa chakula nilimtafuta. Alikuwa ameshaondoka.

Baada ya maziko watoto wa marehemu hunyolewa, wake kwa waume. Tulinyolewa uani, vichwa sita, nywele zikafukiwa. Mama alikaa kwenye mkeka akituangalia, na kila kichwa kilipomalizwa alikipapasa kwa kiganja, kama mtu anayehakiki mzigo wake umefika wote.

Siku arobaini zilikuwa hazijapita sana. Nilikuwa nyumbani Nyasho asubuhi, nimekaa mkekani nachambua mchicha, nikasikia hodi. Alisimama mlangoni na mtandio uleule wa kijani.

"Habari za hapa, Mwalimu," akasema.

Hapo palikuwa na neno moja dogo la kusemwa, na lilikuwa langu. Yeye ni mkubwa kwangu. Ilinipasa kusema shikamoo. Kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi nimewafundisha watoto wa watu wamwamkie aliyewazidi, na siku hiyo nikasema, "Nzuri, karibu." Ningemwamkia ningekuwa nimejibu kila kitu kabla hajauliza.

Alikaa mkekani, akavuta fungu la mchicha, akaanza kuchambua na mimi. Tuliulizana habari za Bunda, za mvua, za watoto. Mume wake ni fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Kisha akaacha mchicha, akafungua mtandio, akauteremsha mabegani. Kichwa chake kilikuwa na nywele za urefu uleule wa kichwa changu.

"Nilinyoa kwa kinyozi," alisema. "Aliniulizaga kama nina mapunye. Nikamwambia nimefiwa na baba. Akazima redio."

Kwao hawanyoi. Mumewe alikuwa amemuuliza sababu, akamwambia ni mila za kwetu, na mumewe akauliza kwetu wapi.

"Sikuja kutafuta shamba wala kiwanja," akaendelea. "Nina swali moja, sina la pili. Kuniacha kwenye ile karatasi, alisema baba mwenyewe, au mlisema nyinyi? Nataka kujua tu nimlilie vipi."

Nimefundisha muda mrefu. Najua swali linaloulizwa na mtoto anayetaka kuonekana amesoma, na najua swali la mtoto ambaye hakula jana na anataka kujua kama uji upo. Hili lilikuwa la pili. Nilikuwa na majibu mawili tu ya kweli. La kwanza: sijui alichotaka, kwa sababu mara mbili aliniita aniambie na mara mbili nilimkimbia. La pili: tulisema sisi, na aliyeandika ni mimi. Yote mawili yaliishia kwangu. Nikatafuta mtu mwingine wa kubebeshwa, na aliyekuwa karibu hakuwa na mdomo.

"Alisema mwenyewe," nikamwambia.

Hakuna mtu mwepesi wa kusingiziwa kama marehemu. Maisha yangu yote nilikuwa nimewasingizia wema, siku hiyo nikamsingizia baba yangu ubaya, na sauti ilitoka laini kama ninayesoma tangazo la kikao cha wazazi.

Aliinamisha kichwa. Akarudisha mtandio, akaufunga polepole, akamaliza kuchambua fungu lake la mchicha lote, majani huku, mashina kule. "Ahsante," akasema. "Nilitaka kujua." Nilimletea maji anawe. Nilimmiminia mimi, na wote wawili tulikumbuka. Chai alikataa.

Baada ya hapo niliishi kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu ambaye ameshaamua kutokukivua. Nilijiambia nimemsaidia. Nilijiambia mtu akijua ameachwa anaacha kungoja, na kuacha kungoja ni nafuu. Nilijiambia mengi, na msibani mwa watu nikaendelea kuandika, lakini kila nilipofika kwenye "ameacha" nilianza kuinua macho na kuwatazama waliosimama nyuma, wale wasiokaribia meza. Wakati mwingine nilimwona mtu ameinamisha kichwa namna fulani nikajua. Sikuuliza. Ningeuliza ningepata nini cha kumpa?

Mwaka ulipokaribia kwisha tukapanga kujenga kaburi, na siku ya kubariki kaburi wasifu husomwa tena. Nilikwenda Butiama wiki moja kabla. Mama alikuwa uani anapeta ulezi. Nilikaa karibu naye, na sijui ujasiri ulitoka wapi, pengine haukuwa ujasiri bali uchovu. Nikamuuliza baba alitaka niandike nini.

Hakusimamisha ungo. Makapi yaliendelea kuruka, na kuku wakaendelea kugombana miguuni pake. Nikadhani hakusikia. Halafu akasema kwamba baba alikuwaga anakwenda Bunda kila mwisho wa mwezi, anasema anafuata dawa ya ng'ombe, na kwamba miaka hiyo hatukuwaga na ng'ombe wa kuugua kiasi hicho. Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Kabla hajaja kwako kutibiwa alinikalisha hapa," mama alisema. "Akasema anataka yule mtoto asomwe. Tena asomwe wa kwanza, maana ndiye wa kwanza. Nikamwambia, ukimwandika huyo wa kwanza, mimi usiniandike kabisa. Akanyamaza. Alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa na hasira ya miaka mingi."

Aliweka ungo chini. Akaanza kutoa mawe kwa kidole, moja moja.

"Nilikuja hapa na miaka kumi na saba. Mama yake baba yako alinishika mkono akaniambia mimi ndiye niliyemfanya mwanae akaitwa baba. Hicho ndicho nilichopewa, mwanangu. Kingine sikupewa."

Nilimwambia kwamba yule dada alikuja kwangu. Nilimwambia nilichomjibu. Mama alinitazama, na nikaona kitu ambacho sikutegemea, alinionea huruma.

"Sasa umejua," akasema. "Imekusaidia nini?"

Mpaka leo sijampata mtu wa kunisaidia kumjibu. Kweli niliyoikwepa tangu darasa la sita ilikuwa imewekwa mapajani mwangu uani, mchana kweupe. Baba alimtaka mwanae. Aliniita mara mbili, akiwa ameshakataliwa na mkewe, ili anitumie mimi kufanya kimyakimya kile alichoshindwa kukifanya kwa kinywa, na mimi nikamletea uji. Nilitamani nisingeuliza. Wanaosema ukweli humweka mtu huru hawakukaa pale uani. Mimi ulinifunga pande mbili: upande huu mama ambaye hakupewa kingine, upande ule mtu aliyenyoa kwa kinyozi.

Siku ya kubariki kaburi nilikuwa na karatasi mbili kwenye mkoba. Moja ilikuwa ya zamani, watoto sita. Ya pili niliiandika upya kwa kalamu mpya, watoto saba, na juu kabisa, kabla yangu, jina lake. Safari hii msomaji nilikuwa mimi mwenyewe, niliomba. Kaburi lilikuwa limewekwa marumaru nyeupe, msalaba umefunikwa kitambaa. Mama alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, akinitazama mdomo. Hakunikunjia uso. Hakunitisha kwa lolote. Alinitazama tu kama mtoto wa darasa la kwanza anavyomtazama mwalimu anayesambaza madaftari, akingoja kuona kama la kwake lipo.

Nikafungua mkoba na kusoma watoto sita. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo linanitisha kuliko kosa lenyewe.

Wiki iliyofuata nikaenda Bunda. Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa na mwaka mzima, na bado nilifika mapema kuliko nilivyotaka. Baraza la saruji lilikuwepo bado. Mumewe alikuwa pembeni anagonga bati, na yeye amekaa kwenye kigoda mbele ya masanduku matatu mapya, na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Kumbe hiyo ndiyo kazi yake, anaandika majina ya wanafunzi kwenye vifuniko, jina, shule, na kidato. Nilisimama nyuma yake kabla hajaniona. Alikuwa anamalizia mkia wa herufi, na aliupinda chini kisha juu kidogo, kama baba alivyoupinda kwenye karatasi za pamba alizozihifadhi kwenye bahasha nyumbani. Hakuna aliyemfundisha. Au alimfundisha, mwisho wa mwezi, siku za dawa ya ng'ombe. Hilo nalo sitalijua.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Aligeuka. Alinitazama juu mpaka chini, polepole. "Marahaba," akasema, na akanivutia kigoda.

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari za daftari na uji, za kikao, za uongo wangu wa mkekani, na za mama, ingawa hapo nilipunguza maneno maana ni mama yangu. Nilimwambia baba alitaka asomwe wa kwanza. Niliposema "wa kwanza" sauti ilinikatika, nikajidharau, kwa sababu ilikatika kwa ajili yangu. Yeye alisikiliza akiwa ameshika brashi juu ya kopo ili rangi isidondoke. Mumewe aliacha kugonga, kisha kwa heshima akaanza tena, taratibu.

"Juzi mlipobariki kaburi," akaniuliza, "mlisoma wangapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

"Sita," nikasema. "Nilisoma mimi."

Akatumbukiza brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, akaikoroga mpaka rangi ikatoka yote.

"Nilikuja kwako na swali moja," alisema, bila ukali. "Ukanipa jibu. Nimekaa nalo mwaka mzima. Nililia nalo, nikagombana na mume wangu kwa ajili yake, mfungo nikaamua nimsamehe mzee. Nikamsamehe, Mwalimu. Leo unaniambia hakukosa. Sasa ule msamaha niupeleke wapi? Na nitajuaje kama hili la leo ndilo? Aliyesema lile ni wewe, anayesema hili ni wewe, na juzi umesoma sita."

Nikamwambia naapa. Akasema nisiape. Nikamwambia twende Butiama akamuulize mama mwenyewe, na hata kabla sijamaliza niliona ubaya wa niliyoyasema. Akatikisa kichwa. "Niende nikamuulize mjane wa watu kama mume wake alinipenda?" akasema. "Hapana. Mama yako mwache apumzike."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, nadhani kwa mara ya kwanza, na hapakuwa na la kufanya. Nilikuwa nimeshika mkononi kitu alichokuja kukitafuta mpaka Nyasho na kichwa chake cha kunyolewa, kilikuwa kweli tupu, kilikuwa chake, na mkono uliokishika ulikifanya kisipokeleke. Nililia, mtu mzima, mbele ya masanduku ya watoto wa watu. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, kama unavyongoja mvua ipungue ndipo utoke.

Kisha akaingia ndani, akarudi na karatasi. Ilikuwa kopi ya wasifu wa siku ya maziko, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Akaifungua juu ya kifuniko cha sanduku ambalo rangi yake ilikuwa imekauka, akailainisha kwa kiganja.

"Maneno yako siwezi kuyatumia," alisema. "Niandike tu."

Nilitoa kalamu mkobani. Nikainama juu ya mwandiko wangu mwenyewe. Kichwa cha habari kilikuwa kimepigiwa mstari kwa rula, Watoto wa marehemu, na chini yake, bila hata nafasi ya kupenyeza kidole, namba moja, mimi. Nilikuwa nimebana mistari vizuri, kazi safi, kama ninavyowafundisha. Juu hapakuwa na mahali. Ningeweza kulikata jina langu. Niliwaza hivyo, kalamu ikiwa mkononi, yeye akingoja, na sikulikata.

Nikashuka, namba mbili, tatu, mpaka kitinda mimba wetu namba sita, na hapo ndipo palipobaki nafasi. Nikamwandika wa saba.

Alisoma. Akaupuliza wino ukauke, akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akaniambia niwahi stendi, gari za Musoma jioni huwa zinajaa.